Mshale Uliotembea Wenyewe

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni mwa duka la mke wangu, mkoba begani, natazama mshale wa kompyuta ukitembea wenyewe. Mausi iko mezani, haijaguswa na mtu. Mke wangu Samia ameegemea kiti, mikono kaikunja kifuani, anacheka. Na sauti ya mwanamume inatoka kwenye simu yake, laini, inamwambia, "Usiguse kitu, dada yangu. Niachie mie."

Niachie mie! Yasikilizeni maneno hayo, halafu mniambie kama nilikosea kupandisha mori.

Kwa ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kunisoma, naitwa Abdullatif. Nilikuwa fundi wa kompyuta pale Msata mpaka wateja waliponikimbia, na sasa ni dalali wa viwanja Mapinga. Samia ana duka la steshenari karibu na stendi ya Bagamoyo. Anatoa kopi, anachapa kadi za arusi, anawajazia watu maombi yao mtandaoni. Tuna binti mmoja, Esha, na tuna talaka mbili.

Ya kwanza niliitoa kwa sababu ya mpiga picha wa arusi aliyemwekea sawa ushungi wake kichwani. Ya pili kwa sababu ya muuza gesi aliyemwita mrembo. Zote mbili nilizijutia kabla jua halijazama, nikamrejea. Imebaki moja. Na mwanamke akiachwa mara ya tatu, mume hana tena haki ya kumrejea, mpaka aolewe na mwanamume mwingine na huyo naye amwache. Hilo huku pwani hata watoto wanalijua.

Hiyo iliyobaki nayo nikaenda kuichezea. Mzee Bwanausi, mjomba wake Samia, alikuja kutupatanisha baada ya mimi kumtimua mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, eti kwa kuwa Samia alimnyoosha kola. Nikataka mzee aone kwamba nimebadilika. Nikasema kwa sauti ya kiume, "Mjomba, nikizisoma tena meseji za Samia bila ruhusa yake, ameachika!"

Mzee alishika kichwa. "Nani kakuomba utaje talaka? Mimi nimekuja kunywa kahawa na kuwapatanisha!"

Lilishatoka. Na neno kama lile halirudi mdomoni, linakaa pale likisubiri siku utakayojikwaa.

Sasa turudi dukani.

"Nani huyo?" nikauliza.

Samia hakushtuka hata kidogo, na hilo lilinichoma zaidi. "Fundi Kombo. Yuko Unguja. Karibu, Baba Esha."

"Yuko Unguja, na mkono wake umo humu dukani?"

"Ndivyo kazi yao ilivyo. Namsomea namba zilizoandikwa hapa, nabonyeza Kubali, anaingia, anatengeneza, anatoka."

"Unabonyeza Kubali."

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe, kwa kidole chako."

"Ulitaka nimwite jirani aje abonyeze? Baba Esha, usianze."

Ile sauti ikasema, "Asalaam aleikum, kaka. Samahani, n'meingia kwako sikupiga hodi."

Nikaitikia salamu, maana salamu ni wajibu. Lakini niliitikia kwa meno.

Ili mnielewe, lazima niwaambie nilimpataje Samia. Enzi hizo alikuwa karani kwenye duka la saruji pale Msata, na mimi nina meza yangu ya ufundi ng'ambo ya barabara. Kila mara kompyuta yake imezima. Nakwenda, nakuta waya umechomoka. Nauchomeka, napewa soda, narudi kwangu. Kesho yake waya umechomoka tena. Tulipokwisha kuoana ndipo aliponiambia, huku anajifunika uso kwa khanga, kwamba waya ule haukuwa ukichomoka wenyewe.

Tulicheka mpaka machozi. Ndiyo hadithi tunayowasimulia wageni wote wanaokuja kwetu.

Basi kaeni mahali pangu. Mwanamke aliyekuwa akichomoa waya ili aniite mimi, sasa kompyuta yake inaharibika kila kukicha, na anayeitwa ni mwanamume mwingine.

"Kwa nini hukuniita mimi?" nikamwuliza tulipofika nyumbani.

"Nilikupigia. Ulikuwa Mapinga unawaonyesha watu viwanja."

"Ungenisubiri."

"Baba Esha, mara ya mwisho nilipokuachia kompyuta ile ulifuta kadi za arusi ya binti yake Fakhruddin. Zote. Nikaziandika upya huku nalia."

"Nilikuwa nasafisha."

"Ulisafisha kweli," akasema, akaenda zake jikoni.

Asubuhi yake alijifukiza udi kabla ya kutoka. Nilikuwa nimekaa kitandani nafunga viatu, moshi ule ukanijia usoni.

"Huyo fundi wa Unguja," nikasema, "naye ananusa?"

"Wateja wananusa," akajibu. "Na wewe pia zamani ulikuwa unanusa."

Akaondoka. Nilibaki na kiatu kimoja mkononi.

Barazani mwa duka la Samia kuna mwanamke anaitwa Mina, anauza vitumbua na juisi ya ukwaju. Mina akiona moshi, yeye ndiye anayekwenda kuuongezea kuni. Nilipopita kumsalimu mke wangu, nikiwa njiani kwenda Mapinga, Mina akanikonyeza.

"Shemeji, mwenzio leo kaingia mapema."

"Mwenzangu nani?"

"Si yule fundi wa hewani! Duka halijafagiliwa, yeye keshafika. Mwanamume haonekani, hakoromi, hadai chai wala hana nguo za kufuliwa. Wallahi wanaume wa namna hiyo wangeletwa sokoni, tungegombana."

Nilicheka ili asione nilivyochomeka. Siku ile nilimpotezea mteja njia huko Mapinga, nikamwonyesha kiwanja cha mtu mwingine kabisa, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanaona mshale tu. Niliuona ukitembea polepole kwenye kioo, ukifungua hiki, ukifunga kile, na Samia ameegemea kiti anautazama kwa raha zake.

Sikuwa na wivu namna hii hata kwa muuza gesi. Muuza gesi nilikuwa namwona, ana kitambi, ningeweza hata kumkaba. Huyu ningemkaba wapi?

Halafu Mungu akaniletea siku moja ya furaha.

Nilifika dukani nikakuta watu wamejaa. Printa imegoma. Ilikuwa ni mitihani ya madrasa, na ustadhi amesimama pale anatazama saa. Samia akaniona, uso ukamng'aa.

"Afadhali umekuja. Fundi hapatikani hewani. Hebu ijaribu wewe, mume wangu."

Hebu ijaribu wewe! Mbele ya watu! Nilivua mkoba nikauweka chini, nikakunja mikono ya shati. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikauchomeka. Nikafungua huku, nikabonyeza kule, nikarudi palepale nilipoanzia. Printa kimya. Jasho likaanza kunitoka, na ustadhi akakohoa.

Samia akaja na kikombe cha kahawa na kipande cha kashata.

"Geuka unywe kwanza, itapoa," akaniambia.

Nikageuka, nikapokea kikombe, nikang'ata kashata. Na hapo nyuma yangu printa ikaguna, ikatetemeka, ikaanza kutema karatasi. Mitihani ikatoka, moja baada ya nyingine, safi.

"Umeweza!" Samia akasema.

"Ni kile nilichobonyeza mwisho," nikasema. "Huwa kinachelewa kidogo."

Mina alipiga kigelegele barazani. Ustadhi alinishika mkono akaniombea dua. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja sokoni, nikachagua samaki, changu mkubwa kuliko wote. Nyumbani Samia alimpika kwa nazi, na alipokuwa ananipakulia akaniita "fundi wangu". Tangu nifunge meza yangu ya Msata hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo. Nilikula, hata kichwa cha samaki sikukiacha.

Nikajiambia, Abdullatif, yameisha. Mke wako ni wako, na kompyuta ni yako.

Haikufika popote furaha ile. Siku iliyofuata nilisahau chaja, nikarudi dukani kuichukua. Nikiwa bado barazani nikamsikia Samia anaongea na simu, sauti imejaa kicheko.

"Wallahi alifurahi! Ungemwona!"

Ile sauti laini ikacheka huko iliko. Mimi nikaingia. Samia aliponiona, kicheko kikakatika.

"Haya fundi, tutaongea baadaye," akasema, akakata.

"Nani alifurahi?" nikauliza.

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Mmoja tu. Chaja yako ile pale, Baba Esha."

Samia hajui kusema uongo. Akisema uongo anashika pete, anaizungusha. Siku ile aliizungusha mpaka nikaogopa itamtoka kidoleni. Nilichukua chaja yangu nikaondoka, na njia nzima nilijiuliza swali moja. Kama mimi ndiye niliyeiponya printa, Samia anacheka nini na fundi Kombo?

Ijumaa ikafika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili hata mama yangu sijamwambia. Kila Ijumaa Samia hufunga duka kabla ya swala, anakwenda nyumbani kupika pilau, na mimi nakwenda msikitini. Ijumaa ile nilioga, nikavaa kanzu nyeupe, nikajipaka marashi, nikatoka na msala wangu kwapani kama mja mwema. Adhana ikaanza. Watu wote wanashuka njia moja, mimi nikapinda njia nyingine. Ufunguo wa akiba wa duka ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilijiambia siendi kusoma meseji. Nakwenda kuitazama kompyuta tu, kama fundi.

Nilifungua kufuli, nikaingia, nikauegesha mlango. Kompyuta ilikuwa inawaka. Kwenye kioo palikuwa na kijisanduku chenye mstari wa kijani unaojivuta polepole. Sikuujali. Macho yangu yalikwenda pembeni yake.

Mwenye steshenari anafanya kazi hivi: wateja wanamtumia vitu vyao vya kuchapa kwa watsapu, na yeye anaifungua watsapu yake kwenye kompyuta ili asihangaike. Asubuhi anaifungua, na inashinda wazi mchana kutwa. Kwa hiyo simu ya Samia ilikuwa jikoni kwetu karibu na sufuria la pilau, na meseji zake zote ziko hapa mbele ya macho yangu.

Nitatazama majina tu, nikasema. Jina si meseji.

Jina la fundi Kombo lilikuwa la pili kutoka juu.

Nilikiona kile kiapo mbele yangu kama mtu aliyesimama mlangoni. Nilimwona mjomba ameshika kichwa. Nikamwona na Esha. Halafu nikasikia kile kicheko, "Wallahi alifurahi!", na mkono wangu ukabonyeza.

Nilisoma. Sitaficha, nilisoma.

Samia alikuwa ameandika, "Jana umeniokoa, fundi. Anadhani kaitengeneza yeye. Kafurahi mpaka katununulia changu."

Kombo alikuwa amejibu, "Hahaha. N'lingoja n'kusikie simuni ukimwambia ageuke anywe kahawa, ndio n'kamaliza. Usimwambie, dada. Mwache na furaha yake."

Na Samia chini yake, "Siwezi kumwambia. Atakufa."

Hapakuwa na neno jingine la maana. Nilipanda juu, nikashuka chini, natafuta "mpenzi", natafuta "nimekukumbuka", natafuta hata kijimoyo kimoja chekundu. Hakuna. Ilikuwa wino wa printa, na bando, na virusi, na huruma kwangu mimi.

Wanaume wenzangu, afadhali ningekuta mapenzi. Mapenzi ningejua la kufanya nayo. Lakini mke wangu alikuwa amekwenda kuniazimia ufundi kwa mwanamume mwingine, kama mtu anayekwenda kuazima chumvi, akaja kunipa kwa mlango wa nyuma nikiwa na kashata mdomoni. Na ile "fundi wangu" ya mezani, hata sasa sijui ilikuwa ya nani.

Nilishika kibodi. Palepale, chini ya maneno yao, nikaanza kumwandikia yule mwanamume kwa jina la mke wangu. "Mimi ndiye mumewe. Kuanzia leo ukome—"

Herufi zikaanza kufutika.

Nilidhani nimebonyeza vibaya. Nikaandika tena, "Mimi ndiye mumewe." Zikafutika tena, moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele. Vidole vyangu vilikuwa hewani.

Nikaishika mausi. Mshale ukaenda kulia, na mimi nautaka kushoto. Nikauvuta, ukavutwa. Nikaupeleka kwenye kitufe cha kutuma, ukanyanyuka ukakimbia juu. Nilisimama, nimeikamata ile mausi kwa mikono miwili, kanzu imelowa jasho, napigana na mwanamume nisiyemwona, tunagombea mshale mmoja.

Kisha ukafunguka ukurasa mtupu, na maneno yakaanza kujiandika.

"Kaka Abdullatif. Mie nimo humu tokea dada alipotoka. Kaniachia nisafishe virusi. Usitume hiyo."

Ule mstari wa kijani! Alikuwa ni yeye. Nilikaa kitini.

Yakaendelea, "Akiiona atajua umesoma. Na hicho kiapo chako kanihadithia. Funga twende zetu, kaka. Msikitini bado utawahi."

Kamhadithia! Mambo yangu ya ndani yamevuka maji mpaka Unguja. Nilitaka kukasirika, nikakuta nimechelewa. Nikaandika chini ya maneno yake, kwa kidole kimoja, "Umeniona nikisoma?"

"N'mekuona," akajibu.

Nikaiachia mausi. Mshale ukatembea wenyewe, taratibu, ukafunga watsapu, ukafunga ule ukurasa tuliokuwa tunaandikiana, ukafuta kila alama ya mkono wangu. Kioo kikabaki na mstari wa kijani tu, unajivuta kama mwanzo. Na mimi, mwenye kununa wiki nzima kwa sababu ya mshale ule, nilikaa nikautazama ukinisafishia, na nikaona raha mpaka swala ikanipita.

"Shemeji!"

Mina alikuwa ameuchungulia mlango, kijiko cha vitumbua mkononi. "Kumbe ni wewe? Leo hukuswali? Mimi nimeona kufuli halipo, nikampigia Samia nikamwambia mna mwizi!"

Sikupata hata nafasi ya kumlaani. Bajaji ilisimama nje, Samia akashuka na aproni yake ya jikoni, mikono inanuka vitunguu. Na nyuma yake, anatoka msikitini na fimbo yake, Mzee Bwanausi.

"Nimekutafuta kwenye safu sikukuona," mzee akasema. "Nikasema labda mgonjwa."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. U mgonjwa?"

Samia hakuniuliza kama ni mgonjwa. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kanzu yangu iliyolowa.

"Baba Esha, umefuata nini humu?"

"Nimekuja kuiangalia printa."

"Printa imezimwa."

"Ndiyo nilikuwa nataka kuiwasha."

"Umesoma meseji zangu?"

Ningesema hapana, yangekwisha. Nilifungua mdomo niseme hapana. Neno likafika kwenye meno, mjomba akanyanyua mkono.

"Ngoja. Usijibu kwa haraka," akasema. "Hili si la kubahatisha, Abdullatif. Kama umesoma, basi ile ya tatu imeanguka, na wewe kukaa nyumba moja na mwanangu kuanzia sasa ni haramu. Dhambi hiyo mimi siibebi. Kama hukusoma, apa. Sema wallahi sikusoma, tutoke hapa tukale pilau."

Kuapa! Nilikuwa nimeiacha Ijumaa, nimevunja ahadi, nimepigana na kompyuta. Lakini kumtaja Mungu juu ya uongo nikiwa na msala kwapani, ulimi ulikataa. 

Samia macho yalimjaa machozi. "Mbona husemi?" akaninong'oneza. "Sema, Baba Esha. Apa basi."

Alitaka niape. Nawaambia ninyi msomao, mwanamke yule alikuwa ananiomba niape. Na mimi sikuweza.

Akajifuta uso kwa aproni. Akatoa simu.

"Yupo mtu aliyekuwa humu ndani muda wote," akamwambia mjomba wake. Akabonyeza, akaweka spika, akailaza simu juu ya meza katikati yetu.

"Fundi, bado umo?"

"Nimo, dada."

"Nipo na mjomba wangu. Na mume wangu yupo. Nataka uniambie kweli. Aliingia kwenye meseji zangu?"

Mwanamume niliyemchukia kuliko muuza gesi na mpiga picha wakiwekwa pamoja, sasa ndiye aliyeishika ndoa yangu kiganjani. Nilimwomba Mungu amtilie ulimini neno moja tu, hapana. Si nilimwona akifuta? Si yeye aliyeniambia nifunge, niende msikitini? Alikuwa upande wangu. Nilimpenda wakati ule kama ndugu.

"Kijana," mzee akaisogelea simu, "ujue unachokisema. Ukisema ndiyo, huyu binti hana mume tena. Na hana kurejewa."

"N'nalijua, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Kwenye kioo mshale ulikuwa umesimama katikati, hautikisiki.

"Nitajibu," Kombo akasema. "Lakini kabla sijajibu, mzee, naomba ruhusa n'ulize jambo moja."

"Uliza."

Sauti ile haikuwa laini tena. Ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuliwaza jambo lake na sasa anaogopa kulitamka.

"Akishaachika," akasema, "eda yake atakaa wapi? Hapo Bagamoyo, au kwao Saadani?"

Mina aliangusha kijiko. Mzee Bwanausi alinyooka, akaitazama simu kana kwamba imemtemea mate, maana sote tuliokuwa mle tunajua kwamba mwanamume anayeuliza eda ya mke wa mtu ni yule anayengoja imalizike amwoe.

Mimi nikageuka haraka kumtazama Samia. Nilitaka nimwone naye kaduwaa, kama mimi, kama mjomba wake, kama Mina pale mlangoni.

Samia alikuwa anaizungusha pete. Hakushangaa.